Kimya Kilichohamia Kurasini

Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, Theonest Rwegoshora alichomoa waya wa friji, akaziweka funguo za gari lake ndani ya friji hilo, juu ya bakuli la maharage, kisha akafunga madirisha ya sebule moja baada ya jingine. Funguo aliziweka humo kwa desturi ya kazi yake. Mtu wa sauti akilizima friji la watu hutia ndani yake kitu ambacho hawezi kuondoka bila hicho, ili asije akasahau kuliwasha na kuiacha nyama ya mwenyeji wake ikioza. Theonest aliifuata desturi hiyo hata nyumbani kwake Kinyerezi, ambako mwenyeji alikuwa yeye mwenyewe.

“Mama Auleria,” alisema, “weka kalamu chini kidogo. Nachukua kimya.”

Mkewe, Demetria, alikuwa akisahihisha mitihani ya darasa la tano. Aliiweka kalamu nyekundu mezani, akakunja mikono mapajani, akatulia. Alikuwa mwalimu, na alijua kutulia kama alivyojua kutuliza. Theonest alisimama katikati ya zulia, hedifoni masikioni na kinasa sauti mkononi, akakiacha chombo kile kinywe kimya cha nyumba mpaka kikatosheka.

“Tayari,” alisema.

“Friji.”

“Nakumbuka.”

Kimya cha nyumba ile kilikuwa na vitu vyake. Kulikuwa na mvumo wa mitambo ya umeme wa gesi, uliokuja kutoka mbali na ambao wenyeji wa mtaa walikwisha kuacha kuusikia. Kulikuwa na saa ya ukutani waliyopewa siku ya harusi yao Bukoba, na pumzi za Demetria. Chini ya hayo yote kulikuwa na uzito. Uzito huo uliingia mwaka walipomzika Auleria, mtoto wao wa pekee, aliyechukuliwa na homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la nne, nao haukutoka tena. Wageni walioketi sebuleni walipunguza sauti zao bila kuambiwa. Mume na mke hawakuuzungumzia. Waliishi nao kama watu wengine waishivyo na picha ya marehemu ukutani, isipokuwa wao hawakuwa na picha nzuri ya mtoto, na uzito ule ndio uliofanana naye zaidi.

Theonest alikuwa mhariri wa sauti za filamu, na kwa miaka mingi hapakuwa na wa kumfikia jijini. Alisoma shule ya bweni ya wavulana, ya mapadri, ambako asubuhi na jioni majina yaliitwa uwanjani na kila mvulana akajibu “Nipo” kwa sauti iliyonyooka. Asiyejibu alihesabiwa mtoro, hata kama amesimama pale pale mstarini. Alitoka huko akiamini kwamba kila kitu kina mahali pake, na kisicho na mahali kiondolewe. Imani hiyo ilimfaa. Alianzia kazi katika studio ya Taiyeb, Kinondoni, akitoa mngurumo wa jenereta kwenye video za harusi, na filamu zilipoanza kuja zilimkuta amekwisha kuwa fundi. Aliwanyamazisha majogoo waliowika katika sinema za usiku. Aliziondoa honi za bodaboda zilizokatisha katikati ya viapo vya wapenzi. Palipotoboka alipaziba kwa kimya cha mahali pale pale, kwa sababu kila mahali pana kimya chake, na kimya cha Manzese hakiwezi kushona tundu la Mbezi. Ndiyo maana kabla ya kuondoka popote walipopiga picha aliwasimamisha watu wote, waigizaji, wapishi na madereva, wakakaa bila kutikisika wakati yeye akikichukua kimya cha pale.

“Sauti isiyo na kazi haina haki ya kukaa,” aliwaambia waliotaka kujifunza kwake. Kazi ilipokabidhiwa alifuta mabaki yote, hata yale ambayo wenziwe wangeyatunza kwa matumizi ya baadaye.

Taiyeb, ambaye baba yake alikuwa na jumba la sinema mjini na ambaye alirithi kutoka kwake spika na utani, hakuipenda tabia hiyo. “Wewe Theo,” alimwambia, “ungekuwa mchinjaji wa Vingunguti, mbwa wote wangekufa njaa.”

“Mbwa hawakuajiriwa na machinjio,” Theonest alijibu.

Filamu iliyohitaji kimya cha sebuleni ilikuwa ya Brightson, mwongozaji kijana mwenye kipaji na haraka. Katika tukio lake kubwa mwanamke amesimama ndani ya yadi ya makontena Kurasini, anasoma kwenye simu kwamba aliyemngoja hatarudi, na hasemi neno. Walipokuwa wakilipiga picha tukio hilo, saa kumi alasiri, nyuma ya safu ya makontena kreni ilikuwa ikishusha mzigo. Ikasikika sauti ya mwanamume: “Nipo! Nipo huku chini!” Kisha kikafuata kishindo cha chuma. Mwigizaji, kwa kuwa alikuwa hodari, hakugeuza uso. Punde walinzi walikuja wakikimbia, wakawatoa wote nje ya geti pamoja na taa zao, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi Theonest aliondoka mahali bila kuchukua kimya chake.

Walipoketi studio kulitazama tukio lile, Brightson alinyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta.

“Braza, hiyo sauti ya huyo kibarua itoe. Inaniulia sini yangu.”

“Ni nani anayeita?”

“Sijui bwana. Si vibarua tu walikuwa wanazinguana? Halafu wenye yadi walisemaga toka mwanzo, watu wao wasionekane wala wasisikike. Ndiyo sharti la kutufungulia geti.”

Theonest aliirudia sauti ile. Masikio yake yalikuwa na uwezo wa kutofautisha mvua ya bati jipya na mvua ya bati kuukuu, na haikuwa vigumu kwayo kutofautisha mtu anayegombana na mtu anayeomba kuonekana. Lakini alikuwa ameuliza, naye amejibiwa, na tangu shuleni alifundishwa kwamba swali halirudiwi. Akaikata. Kishindo cha chuma alikiacha, kwa kuwa bandarini chuma kina kazi. Likabaki tundu mahali palipokuwa na mtu, na kwa kuwa kimya cha Kurasini hakuwa nacho, wala hakuwa na akiba ya kimya chochote, alilishona kwa kimya cha sebuleni kwake. Kilikaa vizuri. Hakuna mshono ulioonekana. Akaikabidhi filamu, akafuta mabaki.

Siku iliyofuata Demetria alirudi kutoka shuleni, akavua viatu, akaketi, akagundua kwamba sebule haina kimya. Hapakuwa na kelele. Saa ilikuwa ikigonga, mitambo ilikuwa ikivuma, lakini chini yake hapakuwa na kitu, kama godoro lililotolewa na kuachwa shuka. Alikuwa bado anakitafuta ilipofika saa kumi na sauti ikatoka baina ya kabati la vyombo na dirisha, karibu kabisa na sakafu.

“Nipo! Nipo huku chini!”

Demetria alitazama pale ilipotoka. Palikuwa na vigae tu. Mumewe aliporudi alimsimulia.

“Ni mtu wa Kurasini,” Theonest alisema. “Nilimtoa kwenye filamu.”

“Amekujaje huku?”

“Nilichukua kimya cha hapa nikakiweka mahali pake. Nadhani naye amekuja mahali pa kimya.”

“Kimya kipi?”

“Cha sebuleni.”

“Cha Auleria,” alisema Demetria.

Demetria alikwenda jikoni kuteka maji ya chai, na alipokuwa akiyateka alifungua bomba mpaka mwisho, ili pawe na kitu cha kusikia.

Sauti ilikuja kila siku saa kumi, wala haikukosa hata siku za sikukuu. Majirani waliizoea upesi. Mwanamke aliyekaanga maandazi kibarazani alianza kuitumia kujua wakati wa kukanda unga, na watoto walioambiwa warudi nyumbani kabla ya “yule mtu wa kwa mwalimu” walirudi. Mjumbe wa shina alikuja akauliza kama mgeni huyo atakaa sana, kwa sababu wageni wa muda mrefu sharti wajulikane. Theonest alimjibu kwamba hajui. Mjumbe alisema ni vizuri, alitaka tu kujua, akakubali chai.

Filamu ilikwenda kwenye tamasha, ikapata tuzo ya sauti bora. Tuzo yenyewe ilikuwa sikio la shaba juu ya kipande cha mpingo. Mkuu wa majaji alisimama ukumbini akasema kwamba katika miaka yake yote hajapata kusikia kimya kama kile: kishindo cha chuma, kisha kimya chenye uzito kuliko maneno, kimya ambacho ni cha bandari ya Kurasini na hakiwezi kuwa cha mahali pengine popote duniani. Watu walipiga makofi. Wengine walilia, na walipoulizwa na waandishi wa habari hawakuweza kusema wanamlilia nani. Demetria, katika gauni lake la kitenge, alikaa safu ya tatu. Kipande cha tukio lile kilipooneshwa alifumba macho, na kilipokwisha alibaki ameyafumba mpaka mumewe alipomgusa bega.

Aliyemleta mjane wa mtu yule, Bupe, alikuwa fundi mwashi kutoka Mtoni, aliyekuja Kinyerezi kujenga ukuta wa jirani. Saa kumi ilipofika aliusikia wito ule akaweka mwiko chini. Alikuwa akicheza mpira na mwenye sauti ile. Jioni hiyo alikwenda kwa mjane akamweleza alikomsikia mumewe, na kesho yake Bupe alifika, mwanamke mwembamba wa Kinyakyusa, mabegani kajitanda khanga moja na nyingine kaikunja mkononi.

“Hodi hapa. Shikamoo baba.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

“Naitwa mama Sekela. Nimeambiwa baba Sekela anaongea hapa kwenu.”

“Anaongea saa kumi,” Theonest alisema. “Bado kidogo. Kaa, mama atakuletea chai.”

Wakaketi watatu. Sauti ilipokuja, Bupe alikiweka kikombe juu ya meza bila kukigonga, akainama, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akajifuta uso kwa ile khanga iliyokunjwa, na ikaeleweka kwa nini alikuja na mbili.

“Ndiye,” alisema. “Na ni siku ile ile. Hamjayasikia mafua? Aliamka nayo. Nikamwambia baba Sekela leo usiende, akasema mie nikikosa siku moja wanampa namba yangu mtu mwingine. Akaenda.”

Ndipo alipowaeleza. Mumewe, Allen, alikuwa kibarua wa yadi ile. Jioni ya siku hiyo alikutwa nje ya ukuta, kando ya barabara ya malori, amevunjika kifua, nguo zake zimelowa gongo. Yadi ilisema hakufika kazini. Ilisema alikuwa akizurura, akalewa, akagongwa na gari lisilojulikana. Ripoti iliandikwa hivyo, na kila mtu akaisoma.

“Baba yangu, yule ni mlokole. Pombe anaijulia wapi? Hata soda alikuwa anakunywaga Krismasi. Sekela shuleni wanamwita mtoto wa mlevi. Mchungaji alimzika, ila mahubiri yote yalikuwa ya ulevi, nami nimekaa mbele nasikia. Sitaki kitu kwao. Nataka waandike alikuwa kazini. Basi. Waandike alikuwepo.”

Demetria alimtazama mumewe. Alikuwa na namna ya kumtazama mwanafunzi ambaye jibu analo na halisemi, na ndiyo aliyoitumia.

“Niliikata mimi,” Theonest alisema. “Nitairudisha mahali pake.”

Ilikuwa ahadi, naye hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Kesho yake alitega vinasa sauti pembe zote za sebule. Saa kumi Allen aliita, watu waliokuwamo walimsikia, na mishale ya vinasa haikutikisika. Theonest alipozirudia kanda alisikia saa ya ukutani, kikombe, na Bupe akipenga kamasi. Alimwita Taiyeb, ambaye alikuja na mashine nzito za zamani za jumba la sinema la baba yake, akavua kofia, akazitega kwa mkono wake mwenyewe. Nazo hazikusikia.

“Mabaki huna?” Taiyeb aliuliza, ijapokuwa alijua.

“Sina.”

“Na kadi za kamera?”

“Brightson amezitumia kwa kazi nyingine.”

Taiyeb alizifunga mashine zake polepole. Utani haukumjia. “Theo, umefanya kazi nzuri mno,” alisema mwishowe. “Angekuwa fundi mbovu ameikata hii, tungeokota japo kipande.”

Ikabaki njia moja. Kama kimya na sauti vilibadilishana mahali, basi vingeweza kubadilishana tena: kimya kitolewe kwenye filamu kirudi Kinyerezi, na Allen atarudi mwenyewe Kurasini, ndani ya tukio lile, mbele ya kishindo, ambako kila mwenye masikio angemsikia. Theonest alikwenda kwa Brightson na jambo hilo.

“Braza, unanitania.”

“Sikutanii.”

“Filamu imeshakwenda nje. Ipo kwenye ndege wanaitazama Wazungu. Na ile sini, ile kimya, ndiyo imetutoa kimaisha, mimi na wewe! Leo nikaingize kibarua anapiga kelele?”

“Hapigi kelele. Anasema yupo.”

“Nimekuelewa braza, na nimeumia, walahi nimeumia. Ila yupo wapi sasa? Mtu ameshafariki.” Brightson alishika kichwa kwa mikono yote miwili, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. “Wenye yadi wananipa tena eneo mwezi ujao. Nina watu arobaini wanakula kwangu. Usiniingize kwenye ishu hii.”

Theonest alikwenda kwa mkuu wa majaji na sikio la shaba ndani ya mfuko wa kitambaa, akamweleza kwamba kimya kile hakikuwa cha bandari, kilikuwa cha mtoto wake, na kwamba anairudisha tuzo. Mkuu wa majaji alimsikiliza kwa heshima. Alisema kuwa hayo aliyoyasikia yamezidi kumthibitishia kwamba uamuzi wao ulikuwa sahihi, na akamwomba aje azungumze na vijana juu yake.

Hatimaye, baada ya Bupe kufungua milango mingi na kuketi katika mabenchi mengi, ofisi inayohusika na usalama wa wafanyakazi ilikubali kutuma mkaguzi Kinyerezi. Alikuja pamoja na wakili wa yadi. Wote wawili walivua viatu mlangoni. Demetria alikuwa amepiga deki na kutandika vitambaa vyeupe kwenye viti. Bupe alikuja na Sekela, aliyevaa sare za shule zilizopigwa pasi, ili naye awepo wakati baba yake anasafishwa jina.

Saa kumi ikafika.

“Nipo! Nipo huku chini!”

Mkaguzi alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye vigae, akaomba wasubiri kidogo kama atasema tena. Hakusema. Wakili alikuwa ametulia, kalamu mfukoni.

“Kuhusu sauti hatuna ubishi,” alisema. “Ni ya marehemu. Mjane ameitambua, nasi tunakubali.”

“Ahsante baba,” alisema Bupe.

“Siku ni ile, kwa ushahidi wa mafua. Saa ni ile. Hayo nayo tunakubali.” Akamgeukia mkaguzi. “Lakini mheshimiwa, umesikia mwenyewe ilipo. Ipo Kinyerezi. Mtu hawezi kuwa anaita Kinyerezi na wakati huo huo yuko kazini Kurasini. Mteja wangu amesema tangu siku ya kwanza kwamba marehemu hakuwepo.”

Ndani pakawa na ukosefu wa kimya, ule uliozoeleka. Mkaguzi alikuwa mtu mwadilifu na jambo lile lilimsumbua. Alimuuliza Theonest kama sauti yaweza kuchukuliwa ikapelekwa yadi. Theonest alisema haichukuliki. Aliuliza kama kuna mahali ilipohifadhiwa ikiwa kule. Theonest alisema palikuwapo, naye alipafuta kwa mkono wake.

“Na aliyekuwa hapa sebuleni kwangu,” Demetria aliuliza, kwa sauti ya darasani, “alifikaje barabara ya Kurasini akiwa maiti?”

“Mama mwalimu,” wakili alijibu kwa upole, “barabara ni za watu wote.”

Walimaliza chai, wakaisifu. Baadaye ripoti ilirekebishwa mahali pamoja tu. Pale palipokuwa pameandikwa kwamba haikujulikana marehemu alikuwa wapi saa hiyo, sasa paliandikwa kwamba alikuwa Kinyerezi kwa shughuli zake binafsi. Sekela aliisoma kwa sauti, kwa sababu alisoma vizuri kuliko mama yake, na alipofika hapo aliuliza baba alikuwa anafanya nini Kinyerezi. Bupe alimwambia aikunje karatasi.

Tangu wakati huo Theonest hakuweza tena kukata. Alijaribu. Aliweka kisu cha mashine juu ya kikohozi, juu ya mbwa, juu ya mama muuza samaki apitaye nyuma ya wapenzi, na kila mara aliondoa mkono akaviacha. Filamu zake zikajaa watu wasiohusika. Waongozaji walivumilia moja, wakavumilia ya pili, kisha wakaanza kuzipeleka kazi zao kwingine, wakisema mzee masikio yamechoka. Taiyeb alimwekea kiti chake studio na hakuruhusu mtu mwingine akikalie. Harusi zilibaki. Katika video zake za harusi husikika kila kitu: jenereta, watoto, shangazi anayelalamikia pilau. Wenye harusi hulalamika mwanzoni, na baadaye, shangazi akishafariki, huja kuomba nakala nyingine.

Siku moja, kwa kuwa hakuwa na kazi, alikwenda Kurasini. Hakuwa na nia maalumu. Alisimama nje ya geti la yadi, chini ya ubao mkubwa wa kijani, akatazama kreni zikipandisha na kushusha. Ilipofika saa kumi yadi ilinyamaza. Kreni ziliendelea, malori yaliendelea, midomo ya makarani iliendelea kufunguka na kufungika, lakini juu yake kikatanda kimya, na ndani ya kimya kile Theonest alisikia saa ya ukutani waliyopewa Bukoba. Alisikia mvumo wa mitambo ya gesi. Alimsikia mkewe akipumua, mikono mapajani, kalamu mezani. Na chini ya hayo ukaja uzito wenyewe, ukamkalia begani kama ulivyokuwa ukimkalia alipokuwa akisoma gazeti na mtoto akimwegemea. Ndani ya yadi vibarua walivua kofia ngumu, wakazishika kifuani. Hawakujua kwa nini. Walikuwa wakifanya hivyo kila siku.

“Huwa ni hivi,” mlinzi alimwambia kimya kilipoondoka. “Toka zile kamera zije. Sie tumeshazoea.”

Theonest alirudi nyumbani akamweleza Demetria aliyoyakuta. Jumamosi iliyofuata Demetria alivaa gauni la kanisani, akaenda.

Sasa huenda kila Jumamosi, na shule zikifungwa huenda kila siku. Mlinzi humtolea kiti cha plastiki, hukipangusa, hukiweka kivulini chini ya ubao. “Karibu mama. Bado kidogo,” humwambia. Demetria huketi, hukunja mikono mapajani, na saa kumi ikifika humkuta mwanawe. Wakati huo huo, upande wa pili wa jiji, Bupe anakuwa ameketi sebuleni kwa Demetria, kwenye kiti kile kile cha kusahihishia mitihani, na Theonest amesimama katikati ya zulia, mikono pembeni, kama walivyosimama shuleni majina yalipoitwa.

“Nipo! Nipo huku chini!”

“Tunajua, baba Sekela,” Bupe humjibu. “Tunajua.”

Jioni wanawake hao hukutana Tazara, kila mmoja akishuka gari moja na kungoja jingine.

“Umemkuta?” Bupe huuliza.

“Nimemkuta. Na wewe?”

“Nimemkuta. Mafua bado.”

Kisha hupeana maandazi au ndizi za kwenda nazo, hutakiana usiku mwema, huachana.

Ule ubao wa kijani nao bado upo getini, umepakwa rangi upya. Umeandikwa kwa herufi nyeupe kwamba yadi hii haijapata ajali kwa siku kadha wa kadha, na tarakimu zake ni vibao vidogo vinavyobadilishwa kwa mkono. Mlinzi huyu huyu, anayempangusia Demetria kiti na kuvua kofia saa kumi, ndiye mwenye kazi hiyo. Kila asubuhi, kabla ya kufungua geti, hupanda ngazi na kuongeza moja.